Liste ya Muheto Ndani ya Tumbo la Ordinatere

Siku Mama Régine alipoambiwa kwamba sisteme ya ordinatere yake, ile kompyuta ya kazi, ilikwisha kufa, alikuwa amekaa mbele yake akiandika barua ya mtu.

"Ilikufa lini?" akauliza, vidole vyake vikiwa bado hewani.

"Mu mwezi wa ine, Mama," akajibu Thierry, fundi wa ordinatere aliyefika kutoka Goma juu ya mizigo ya lori. "Wenye kuitengeneza njo balisema. XP imeisha. Habataiangalia tena."

Mama Régine akatazama kioo. Barua ilikuwa palepale, mstari wa saba. Akabonyeza herufi moja, ikatokea. Akabonyeza nyingine, nayo ikatokea.

"Sasa huyu maiti anaandikaka namna gani?"

Mlangoni Papa Kataliko akapasuka kicheko. Alikuwa mchuuzi aliyetoka Butembo, mwenye duka la upande wa pili wa ukuta, mwenye lori, mwenye friza ya samaki iliyotundikwa rozari kwenye mkono wake, na zaidi ya yote mwenye grupe, kile kimashine cha moto kilichotoa umeme. Waya wa Mama Régine ulipita kwenye tundu la ukuta mpaka kwake.

"Wacha kushangaa, Mama," akasema. "Ata mimi, siku nitakufa, nitauzisha kwanza mupaka saa kumi njo nilale."

Mama Régine hakucheka. Ule mwezi wa tano wa mwaka wa elfu mbili na kumi na ine, kama sisteme ingekuwa kweli imekufa, kulikuwa watoto ishirini na watatu ambao wangekufa nayo kwa upande wa masomo, na wao hawakujua hata kwamba majina yao yalikuwa mle ndani.

Tumweleze kidogo huyu mama. Alizaliwa Muheto, kule Masisi, kwenye mashamba ya maharagi na viazi. Masista walimfundisha kupiga mashini ya kuandika, vidole kumi bila kuangalia, na akiwa bado msichana wa miaka kumi na tisa akapata kazi ya kuandika katika ofisi moja ndogo ya milimani. Vita vilimsukuma kidogo kidogo, leo kijiji hiki, mwaka kesho kile, mpaka akatokea Walikale, kwenye barabara ya msituni, akiwa na watoto wawili na mashini ya kuandika ndani ya gunia. Ndipo akafungua nyumba ya mbao na mabati, akaandika juu ya mlango kwamba hapa wanaandikia watu wote. Barua za ndoa, mashtaka ya mbuzi, orodha za nyimbo za kwaya. Lakini kilichoandikwa kuliko vyote, miaka ile, ni karatasi za kushuhudia kwamba fulani amepoteza karatasi. Kila aliyetoka barabarani alikuwa amepoteza. Wengine walirudi mara tatu.

Mmoja kati ya wateja wake alikuwa Papa Floribert, prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari ya Muheto. Mwaka uliotangulia, shule ilipofunga, Floribert alikuja na moto, ile pikipiki yake, kwa shuguli zake, akamletea daftari za pointi za darasa la tano, ili mtu wa nyumbani amwandikie safi. Mama Régine akaandika siku mbili, ikawa orodha moja, liste, iliyobaki ndani ya ordinatere. Floribert akachukua daftari zake na karatasi zilizochapwa, akarudi Muheto. Mwezi wa kenda watu wenye silaha wakapigana palepale Muheto, na ofisi ya shule ikaungua yote, daftari, karatasi, mpaka kengele ikayeyuka upande. Wanafunzi wakatawanyika na jamaa zao kwenye kambi na kwenye nyumba za watu, wengine mpaka Walikale. Buletini zao, zile karatasi za pointi za mwaka, wengi walizipoteza njiani pamoja na masufuria.

Sasa ofisi ya wakaguzi ilikuwa imetoa nafasi moja ya mwisho kwa shule za sehemu za vita. Mwanafunzi wa darasa la sita angeruhusiwa kufanya Exetat, ule mutihani wa serikali wa kumaliza shule, kama pointi zake za mwaka wa tano zingeandikwa katika fomu maalum na kufika Goma kabla ya mwezi kuisha. Fomu yenyewe ilikuwa ndani ya flashi. Floribert alipoileta, Mama Régine akaichomeka, akabonyeza, na mashini ikajibu kwa Kifaransa kwamba programu hii inataka sisteme mpya zaidi.

"Tunaweza enda ku ordinatere ya ofisi ingine," akasema Floribert. "Bale batu ba misaada bako nayo."

"Apana," akasema Mama Régine, upesi sana. "Ile liste haitoke hapa."

Floribert akamwangalia. Alijua kwa nini, maana naye ni mtu wa kule.

Sababu ilikuwa ya mwaka wa tisini na tatu. Katika ile ofisi ndogo ya milimani, Mama Régine alikuwa ameandika liste ya wakubwa wa jamaa, kila mtu na kilima chake, ili wagawiwe majembe. Mashini ile ilikuwa na mkono mmoja uliopinda, kwa hiyo kila herufi ya a iliruka juu ya mstari kidogo, kama mbuzi anayeruka mfereji. Majembe hayakuja. Vilikuja vita. Asubuhi moja alijificha nyuma ya jiko la jirani, akaona watu wenye mapanga wakipita nyumba kwa nyumba, na kijana aliyewatangulia alishika karatasi. Walipita karibu naye hatua tano. Akaona zile a zikiruka.

Yule kijana alisoma jina, wenzake wakaingia. Akasoma jina lingine.

Tangu siku ile mshituko haukumtoka mwilini. Aliendelea kuandika, maana hakujua kazi nyingine, lakini liste yoyote yenye majina ya watu na kwao aliitendea kama watu wa Masisi wanavyotendea mali. Kule kila nyumba ilijua kuzika. Ukisikia risasi upande wa kilima, unazika mabati, unazika cherehani, unazika gurudumu la kinga, ile baiskeli, na unaacha juu sufuria mbovu na godoro lililochanika, ili mwenye kupora apate cha kupora na aende zake. Mama Régine akafanya vilevile na ordinatere. Katika dosie ya Mes documents, pale ambapo kila mtu anafungua kwanza, aliacha barua na nyimbo za kwaya. Liste ya Muheto aliizika ndani kabisa, katikati ya mafaili ya sisteme yenyewe, kwenye dosie ambayo mashini inajiwekea maelezo ya kumsaidia mtu akikwama. Alikuwa ameona kwamba hakuna mtu hata mmoja Walikale aliyewahi kuiomba ile mashini msaada. Faili akaliita jina la kibao cha herufi, na tarakimu tatu. Hakumwambia mtu. Hata Floribert.

Na flashi? Flashi inatiwa mfukoni, na mfuko unapekuliwa kwenye kila barrière, kila kizuizi cha barabarani. Hakunakili kamwe.

Basi Thierry akamweleza: "Mama, kuweka Seven, ile sisteme mupya, juu ya hii, ni sawa kubomoa nyumba na kujenga ingine pale pale. Bintu yenye iko mu Mes documents, na yenye iko hapa mbele, nitaiweka kwanza mu diski yangu, kisha nitairudisha. Ingine yote inaenda."

"Yote?"

"Yote."

Siku tatu Mama Régine alikaa na lile neno. Akiacha XP, liste inabaki salama na haina faida. Akibomoa, huenda fomu ikafunguka, ao huenda mashini ikakataa kuamka kabisa, maana ilikuwa nzee na onduleri yake, kile kisanduku cha kutunza umeme, ilikuwa imekufa kufa kweli. Kataliko alimwambia aweke mpya. Mke wa Kataliko alimwambia asiguse kitu chenye kutembea. Mteja mmoja alisema shemeji yake wa Ngungu alibadilisha sisteme, na tangu hapo mashini yake inaimba kila inapowashwa, hakuna wa kuinyamazisha.

Jumatano jioni Floribert akarudi, na buti za mvua zimejaa tope mpaka magotini. Hakukaa.

"Régine, dada yangu. Bale batoto nilibapitia kambi kwa kambi. Wawili bamekwisha kuingia mu pori na bunduki. Moja, baba yake anamuolesha juma hii. Banasema, Exetat haiko, tunangoja nini? Niambie tu. Tunafanya ao hatufanye?"

Mama Régine akageuka kuelekea ordinatere.

"Tunafanya," akasema. "Kesho asubui."

Grupe ilikuwa imezimwa. Akapanga kichwani: kesho atafika wa kwanza, atahamisha liste kutoka kaburini mpaka Mes documents, kazi ya dakika moja, halafu Thierry abomoe anavyotaka.

Alfajiri alipofika, kwenye benchi la mlango kulikuwa mtu amekaa. Koti la jeshi, suruali ya raia, kandambili, na bastola kiunoni. Alitaka karatasi ya safari, akasema anangojea. Mama Régine alipofungua, mtu yule akaingia naye ndani, akavuta kiti nyuma kabisa ya bega la Mama Régine, pale ambapo kioo kinaonekana chote, akaanza kuchokonoa meno.

"Afande, kaa pale kwa dirisha, kuko upepo," akasema Mama Régine.

"Hapa njo pazuri. Ninapendaka kuona vile munafanya."

Kataliko akawasha grupe. Thierry akaingia, amechana nywele, ana cédé mbili za sisteme mkononi. Akachomeka diski yake, akanakili barua na nyimbo. Kisha akauliza, kwa sauti ya fundi anayetaka shuguli iende:

"Mama, mafaili yako yote iko tu mu Mes documents? Hakuna ingine fasi kwenye uliweka kitu?"

Kijiti cha meno kikasimama. Labda hakikusimama, labda ni Mama Régine tu aliyeona hivyo.

"Hakuna," akasema Mama Régine. "Yote iko pale."

Mdomo wake ulijibu kabla yeye hajajibu. Miaka ishirini ulifundishwa hivyo. Akajiambia: sasa nitamtoa huyu mtu nje, halafu nitamwambia Thierry sikioni.

"Tukunywe kwanza chai," akasema. "Afande, kuja, chai iko nje, na mandazi."

"Ulete hapa, Mama."

"Thierry, na weye ungoje kwanza, usiguse."

"Sawa, Mama."

Akatoka mbio kwa mama wa mandazi, ng'ambo ya barabara. Mama wa mandazi alikuwa na foleni, na kila mtu kwenye foleni alikuwa na habari. Mama Régine akarudi na termosi, vikombe vinagongana. Afande alikuwa palepale. Thierry alikuwa ameegemea ukuta na mikono kifuani, na kwenye kioo mlikuwa rangi asiyoijua, na maneno, na tarakimu moja, tatu, pamoja na alama ya asilimia. Tatu ikawa ine.

"Niliona unakawia," akasema Thierry. "Nimekwisha kusafisha diski. Sasa inajiweka."

Termosi ikaanguka. Ikapasuka ndani, kile kioo chake, kwa sauti ndogo kama ya mfupa.

Yule mama ambaye Walikale nzima ilimjua kwa sauti ya chini, akapiga kelele moja ambayo mama wa mandazi aliisikia ng'ambo. Akajitupa juu ya waya, akauvuta kwa mikono miwili, na waya haukutoka peke yake. Ulitoka na kibao chote cha umeme kutoka tundu la ukuta. Kioo kikawa cheusi. Upande wa pili radio ya Kataliko ikakatika katikati ya wimbo, na friza ikanyamaza.

"Samaki zangu!" akapiga kelele Kataliko. "Nani amekufa?"

Afande alikuwa amesimama, mkono kiunoni. "Weye mama, iko nini mu ile masini?"

Mama Régine alikuwa amekaa chini, waya mapajani, chai ya moto inatembea chini ya miguu yake. Akamwangalia mtu yule usoni kwa mara ya kwanza. Kijana tu. Alikuwa na chunusi shavuni.

Kunyamaza kulikuwa kumekwisha kumuponza. Akasema. "Kuko liste."

"Liste ya nini?"

"Ya batu ba Muheto. Batoto ba shule. Majina yao na pointi zao. Niliificha mu tumbo la sisteme, na huyu ameifuta."

Thierry akageuka rangi. "Mama! Mu sisteme? Mu sisteme yenyewe? Nilikuuliza!"

"Uliniuliza mbele ya bunduki!"

Afande akaangalia bastola yake, kama mtu aliyekumbushwa kwamba ana kitu. Halafu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Pointi? Ni pointi za jeografia njo unaficha sawa dhahabu? Mama, sisi tunafanya nayo nini?" Akajifuta macho. "Kwanza mimi nilikuwaka na zero. Sasa, karatasi yangu?"

Mama Régine akainuka kutoka kwenye chai. Alikuwa amengojea kitu kimoja tu kutoka kwa watu kama yule, na kilichokuja ni kicheko. Hakujua aweke wapi ile hofu yake yote. Akapanda kwenye kiti, akaitoa ndani ya gunia ile mashini yake ya kale ya kuandika, akamwandikia afande karatasi yake kwa mkono wa zamani, vidole kumi bila kuangalia. Afande akaenda zake.

Thierry alikuwa amechuchumaa mbele ya ordinatere, anaongea peke yake. "Ulikata ku asilimia ine," akasema mwishoni. "Mama, kama ungengoja ifike mia, tungelia tu. Nilisafisha upesi upesi, sikusafisha ya kweli. Bintu ingine inaweza kuwa iko bado chini, haina jina tu."

Akaifungua mashini kwa bisibisi, akatoa diski, akaiunga na ordinatere yake ya mkononi, nayo bado ya XP. Kataliko, ambaye samaki zake zilikuwa zimeanza kulegea, alinung'unika mbele ya kila mteja, lakini alijaza mafuta na hakuizima grupe Alhamisi nzima wala Ijumaa nzima. Programu ya Thierry ikachimba. Ikaleta mafaili zaidi ya elfu tatu, yote yamepoteza majina, kila moja limebaki na namba. Mama Régine akayafungua moja moja. Barua ya ndoa. Mbuzi. Wimbo. Picha ya majani ambayo hakuijua. Mashtaka. Mara nyingine mbuzi.

Jumamosi saa ine za asubuhi akafungua namba moja, akaona MUHETO juu kabisa.

Hakupiga kelele. Alishuka na kidole: wa kwanza, wa tano, wa kumi na mbili, pointi zote mahali pake. Wa ishirini. Halafu vijisanduku vitupu, alama za kuuliza, na takataka ambazo hakuna mtu anayeziandika.

"Watatu wamebaki chini," akasema Thierry polepole. "Hawa, Mama, ile asilimia ine iliwakula."

Majina aliyajua, yalipita kwenye vidole vyake. Blandine Shukuru, Paul Sikuli, Falone Tumaini. Pointi hakuzijua. Huenda mmoja ao mwingine alikuwa ameokoa buletini yake, lakini walikuwa wapi? Floribert alikuwa amekwenda upande wa Kashebere kuwatafuta wengine, harudi mpaka Jumatatu. Na njia moja tu ilifikia wakimbizi wote wa Walikale kwa siku moja: matangazo ya kanisani, baada ya komunyo. Mama Régine akamwandikia katekista karatasi. Katekista akairudisha.

"Soma mwenyewe, Mama. Mwandiko ni wako, na mimi majina ya kule ninayaharibu."

Jumapili akasimama mbele. Kwanza aliangalia milango, wote wawili. Halafu madirisha. Halafu akakunjua karatasi. Ilikuwa na majina matatu ya watu wa Muheto, na yeye, yeye mwenyewe, njo alikuwa ameishika, amesimama mbele ya watu, anasoma.

"Blandine Shukuru."

Akaona tena jiko la jirani, na hatua tano, na zile a.

"Minko hapa!" Msichana wa kwaya akainua mkono, anashangaa kwa nini Mama Régine analia. "Buletini iko kwa nyumba, Mama. Ile ya mwaka wa tano."

"Paul Sikuli."

Hakuna.

"Paul Sikuli, wa Muheto."

Nyuma kabisa mzee mmoja wa kike akasimama kwa shida. "Huyo ni mujukuu wangu," akasema. "Alienda mu pori, juma mbili sasa. Alisema ni juu ya kukosa Exetat." Akakaa.

Kanisa zima likasikika likivuta pumzi. Mama Régine akasogeza kidole mpaka jina la tatu.

"Falone Tumaini."

Mama mmoja, mzazi wa Falone, akapita katikati ya mabenchi, mtoto mgongoni, akifungua ncha ya kitenge chake. Ndani mlikuwa buletini, imekunjwa mara nane, imelainika kama kitambaa. Akaiweka mkononi mwa Mama Régine, akarudi mahali pake.

Jumatatu Seven ikawekwa, safari hii mpaka mia, na fomu ikafunguka. Mama Régine akaandika ishirini na wawili na pointi zao. Ilipofika zamu ya yule mwingine akaandika jina, Paul Sikuli, Muheto, na masanduku ya pointi akayaacha matupu.

"Hii mustari ya bure, niifute?" akauliza Thierry.

"Usiguse."

Jumanne Floribert akaondoka na flashi mfukoni, juu ya moto, mchana, barrière zote zikiwa mbele yake. Liste ikabaki kwa Mama Régine. Haikurudi tumboni. Aliiweka mbele kabisa ya kioo, pale mtu yeyote anayeingia anaiona, na jina lake la kweli: MUHETO. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, aliifungua, akashuka mpaka mstari wa ishirini na mbili, akaangalia yale masanduku, akaifunga.

"Bado tupu?" Kataliko aliuliza kupitia tundu la ukuta.

"Bado."

"Basi leo grupe siizime mupaka usiku, labda kijana atapita," akasema Kataliko, na friza ikaendelea kunguruma.